Picha za mtoto zisibaki kwenye simu moja

Mtoto wa siku hizi huanza kupigwa picha kabla hajafika mikononi mwa bibi yake. Hajatoka wodini, shangazi aliyeko mkoani ameshamwona. Akitimiza mwaka mmoja anakuwa na mamia ya picha: ya kukaa, ya kutambaa, ya jino la kwanza, ya kulia siku aliponyolewa nywele. Wazazi wake wenyewe, wale waliozaliwa miaka ya 1980 na 1990, wengi wana picha tatu au nne tu za utotoni, zilizopigwa studio mbele ya pazia lenye maua, mtoto kavalishwa viatu vinavyombana.

Ajabu ni kwamba zile tatu bado zipo. Zimekaa ndani ya albamu juu ya kabati kwa miaka thelathini, na kila mgeni akija hutolewa zikatazamwa. Yale mamia ya mtoto wa leo yanaweza kupotea kwa dakika moja: simu ikichomolewa mfukoni kwenye daladala, ikidumbukia kwenye ndoo ya maji, au ikipelekwa kwa fundi naye akalazimika kufuta kila kitu ili iwake.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya picha kwenye simu huoza, tena kimyakimya. Nyingine hupotea zote kwa mkupuo, nyingine hubaki lakini ubora wake ukaisha kidogo kidogo hadi zisifae kitu. Mzazi anayetaka mwanawe azikute akiwa mtu mzima anapaswa kujikinga na hasara zote mbili.

Siku picha inapohitajika

Familia nyingi hugundua tatizo hili siku mbaya. Bibi amefariki dunia, ndugu wamekaa kupanga mazishi, na mmoja ametumwa kupeleka picha studio ikakuzwe, iwekwe kwenye fremu mbele ya jeneza. Kila mtu anafungua simu yake. Picha nzuri ipo, ile ya bibi amempakata mjukuu siku ya sikukuu. Lakini aliyeipiga alishabadilisha simu, na kilichobaki ni nakala iliyopita kwenye kundi la familia, ikahifadhiwa, ikakatwa pembeni, ikatumwa tena. Ikikuzwa, uso wa bibi unakuwa ukungu na visanduku vya rangi. Mwenye studio atajitahidi kuisafisha, lakini alama za uso ambazo hazimo ndani ya faili hawezi kuzirudisha.

Sababu yake ni rahisi kueleweka. Picha ya simu imeundwa na vidoti vidogo vya rangi vinavyoitwa pikseli. Simu nyingi hupiga picha ya megapikseli 12, yaani vidoti 4,000 kwa 3,000, na faili lake mara nyingi huwa na MB 3 hadi 5. Picha hiyo ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu huipunguza hadi upande wake mrefu ubaki na pikseli 1,600 hivi, na faili linashuka hadi KB mia chache. Kwa hesabu hiyo, katika kila vidoti sita kinabaki kimoja.

Kwenye kioo cha simu tofauti haionekani, ndiyo maana hakuna anayelalamika. Kwenye karatasi inaonekana. Wachapaji wa picha hutumia kipimo cha vidoti 300 kwa kila inchi. Picha ya albamu ya inchi 4 kwa 6 inahitaji pikseli 1,200 kwa 1,800. Picha ya ukubwa wa karatasi ya A4 inahitaji pikseli 2,480 kwa 3,508. Nakala iliyopita WhatsApp inakaribia kutosha kwa albamu, lakini kwa A4 haifikii hata nusu ya urefu unaotakiwa. Picha ya asili, ile iliyobaki kwenye simu ya mpigaji, inatosha A4 na kuzidi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya nyumba ni hii: picha iliyotumwa kwenye kundi ni ya kutazama, ya kutunza ni ile ya mwanzo. Baba akimpiga mtoto picha kwa simu yake, mama asijione naye anayo kwa sababu tu imefika WhatsApp. Kama wanataka wote wawili wawe nayo kamili, itumwe kwa njia isiyoipunguza.

Njia hizo zipo. Tangu mwaka 2023 WhatsApp ina alama ya HD inayoonekana juu ya picha kabla ya kuituma. Ukiibonyeza, picha huenda ikiwa na ubora mkubwa zaidi, ingawa bado hubanwa kiasi. Njia ya kuipeleka kama ilivyo ni kuituma kama waraka, yaani kuingia sehemu ya kuambatisha nyaraka badala ya sehemu ya picha, kisha kuichagua humo. Itachukua bando zaidi na itafika bila kupunguzwa.

Hapo pana tahadhari moja kwa mzazi. Picha inayotumwa kama waraka hubeba pia taarifa zilizoandikwa ndani yake na simu: tarehe, saa na, kama simu iliruhusiwa, mahali hasa ilipopigwa. Kwa shangazi na babu hilo halina ubaya, tena tarehe inasaidia. Kwa kundi la shule lenye watu mia mbili wasiojuana vizuri, picha ya mtoto aliyekaa kwenye ngazi ya nyumba yao ni bora iende kwa njia ya kawaida, ambayo huziondoa taarifa hizo.

Kupunguza bila kuharibu

Kuna wakati picha inalazimika kupunguzwa. Mifumo ya maombi ya shule, vyuo na vitambulisho mara nyingi hukataa faili kubwa na kutaka picha isiyozidi KB kadhaa. Barua pepe nazo zina kikomo. Kupunguza si kosa. Kosa ni kuipunguza picha ya asili yenyewe, kisha ukabonyeza hifadhi, na ile kubwa ikawa imeondoka.

Fundi mzuri wa nguo hakati kitambaa cha mteja kabla ya kupima. Kwa picha, kupima ni kutengeneza nakala kwanza. Mzazi ainakili picha, aipe nakala jina jingine, kwa mfano "asha-fomu-ya-shule", ndipo akate na kupunguza hiyo nakala. Ya asili isiguswe. Programu nyingi za picha, zikimaliza kuhariri, huuliza kama mtu anataka kuhifadhi juu ya ile ya mwanzo au kuhifadhi kama nakala mpya. Jibu ni nakala mpya, siku zote.

Mengine ya kukumbuka wakati wa kupunguza ni haya:

Urefu na upana vipungue kwa pamoja. Programu nyingi zina alama ya mnyororo au kufuli inayofunga uwiano huo. Ikifunguliwa, mtoto mnene anakuwa mwembamba na mwembamba anakuwa mnene.

Picha ndogo haikuzwi ikapona. Kuigeuza ya pikseli 800 kuwa ya 3,000 huongeza uzito wa faili tu. Vidoti vipya vinabuniwa na programu, havitoki usoni mwa mtoto.

Skrinishoti si nakala. Inachukua kile tu kilichoonekana kwenye kioo, pamoja na saa na alama ya betri. Mzazi anayepiga skrinishoti ya picha ya mwanawe kutoka ukurasa wa shule anapata kivuli chake. Ni afadhali amwombe mwalimu faili lenyewe.

Kuhifadhi upya mara kwa mara kunakula ubora. Picha nyingi za simu ziko katika mfumo wa JPEG, uliotoka mwaka 1992. Mfumo huu hupunguza faili kwa kutupa taarifa ambazo jicho la mtu halizioni kwa urahisi. Kila picha inapohaririwa na kuhifadhiwa tena, nyingine hutupwa. Ni kama nguo inayofuliwa kwa jiki: mara ya kwanza hakuna anayegundua, mara ya kumi rangi imekwenda. Kuifungua na kuitazama hakuipunguzii kitu, wala kuinakili kutoka simu kwenda kompyuta. Kinachoiumiza ni kuhariri na kuhifadhi, kuhariri na kuhifadhi.

Wenye iPhone wana jambo jingine. Tangu mwaka 2017 simu hizo hupiga picha katika mfumo unaoitwa HEIC, unaochukua nafasi ndogo kwa ubora uleule, lakini baadhi ya kompyuta za stesheni na studio hushindwa kuufungua. Mzazi asizigeuze picha zote kuwa JPEG kwa sababu hiyo. Atengeneze nakala ya JPEG kwa zile anazopeleka kuchapwa, na za asili zibaki zilivyo.

Wingu si kabati

Wazazi wengi wakisikia habari za kupoteza picha hujibu kwamba zao ziko mtandaoni, kwa hiyo wako salama. Huenda ni kweli, lakini ni vizuri wathibitishe.

Google humpa kila mwenye akaunti GB 15 bure, na nafasi hiyo hugawanywa kati ya barua pepe, mafaili na picha. Zamani picha zilizobanwa hazikuhesabiwa, lakini tangu Juni 1, 2021 zinahesabiwa kwa watumiaji wengi. Kwa picha za MB 4 kila moja, GB 15 hujaa kwa picha 3,750 hivi, kabla ya kuweka video hata moja. Apple hutoa GB 5. Nafasi ikijaa, picha mpya haziendi tena. Simu hutoa taarifa, mtu anaifuta kama anavyofuta matangazo, na mwaka mzima wa mtoto unabaki kwenye simu peke yake. Familia yenye picha nyingi itabidi ilipie nafasi zaidi au ihamishie za zamani kwenye diski.

Ndani ya Google Photos kuna pia uchaguzi wa ubora. Upo wa kupandisha picha kama ilivyo, na upo wa kubana ili kuokoa nafasi, ambao hupunguza picha yoyote inayozidi megapikseli 16. Aliyekusudia kutunza za asili achague ule wa kwanza. Ili bando lisiishe, aweke zipande pale tu simu inapokuwa kwenye Wi-Fi, hata kama ni mara moja kwa wiki kazini au kwa jirani.

Linalowaumiza wengi zaidi ni hili: huduma hizi huoanisha simu na wingu. Mtu anapofuta picha ndani ya programu hiyo kwa nia ya kupunguza mzigo wa simu, inafutwa na kule juu. Google Photos huiweka picha iliyokuwa imepandishwa kwenye pipa la taka kwa siku 60, na iPhone kwa siku 30, kisha haipatikani. Aliyefuta kwa bahati mbaya, au mtoto wake akafuta akichezea simu, akimbilie pipa hilo mapema. Anayetaka kupunguza mzigo wa simu bila kugusa kilichoko juu atumie kitufe maalumu cha kupunguza nafasi, kinachoondoa kwenye simu zile tu zilizokwisha kupanda.

Mwisho ni funguo. Akaunti nyingi za picha zimefunguliwa na kijana wa dukani siku simu iliponunuliwa, kwa neno la siri ambalo mwenye simu hakulijua kamwe, na kwa namba ya laini ambayo sasa haitumiki. Laini isiyotumika muda mrefu inaweza kufungwa na kupewa mtu mwingine. Akaunti ya Google isiyoingiwa kwa miaka miwili nayo inaweza kufutwa na vyote vilivyomo. Neno la siri liandikwe kwenye daftari la nyumbani, linapowekwa vyeti vya kuzaliwa, na baba na mama wote wajue lilipo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mama mzazi aliyeokoa filamu

Wanaodhani mambo haya ni ya watu wasiojua kompyuta wakumbuke yaliyoikuta studio ya Pixar ya Marekani mwaka 1998, ilipokuwa ikitengeneza filamu ya katuni ya Toy Story 2. Mtu mmoja aliandika amri isiyo sahihi kwenye kompyuta za kazi, na wahusika wa filamu wakaanza kutoweka faili moja baada ya jingine. Sehemu kubwa ya kazi ilifutika. Wakaenda kwenye nakala za akiba, wakakuta zilikuwa hazifanyi kazi sawasawa kwa muda na hakuna aliyejua.

Aliyewaokoa ni Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi wa ufundi, ambaye alikuwa amejifungua na akifanyia kazi nyumbani. Kompyuta aliyowekewa huko ilikuwa na nakala ya filamu. Waliifunga kwa mablanketi, wakaipakia kwenye gari na kuipeleka studio taratibu kama wambebavyo mtoto mchanga. Filamu ikaendelea, ikatoka Novemba 1999.

Hapo mzazi anapata mambo mawili. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa kujaribiwa haihesabiki kuwa nakala. Na nakala iliyookoa ni ile iliyokuwa mahali pengine, mbali na jengo lenye tatizo.

Tatu, mbili, moja

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, aliliweka jambo hili kwa hesabu ambayo hata mtoto wa darasa la kwanza anaikumbuka: tatu, mbili, moja. Kila picha ya thamani iwe na nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, na nakala moja ikae nje ya nyumba.

Kwa familia ya kawaida hilo halihitaji mtaalamu. Nakala ya kwanza ni ile ya kwenye simu au kompyuta. Ya pili ni kwenye diski ya nje au flashi inayokaa kabatini. Ya tatu ni kwenye wingu, na asiye na bando la kutosha anaweza kuweka flashi nyingine kwa bibi au kwa dada, ikabadilishwa kila familia inapotembeleana. Moto, mafuriko au wezi wakiingia nyumbani, picha haziondoki na televisheni. Asiye na kompyuta asijitoe: zipo flashi zenye kichwa kinachochomekwa kwenye simu moja kwa moja.

Flashi na kadi za memori zina hila zake. Sokoni kuna bandia zilizoandikwa GB nyingi kuliko zilizomo. Hupokea picha bila kulalamika, kumbe zinaandika juu ya zile za mwanzo. Baada ya kunakili, mzazi afungue picha kadhaa za mwanzo, za katikati na za mwisho moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Zikifunguka zote, ndipo afikirie kufuta kwenye simu. Pia vyombo hivi si vya kufungiwa miaka kumi bila kuguswa. Vifunguliwe angalau mara moja kwa mwaka, na kila baada ya miaka michache picha zihamishiwe kwenye chombo kipya. Walio na picha za harusi kwenye CD na DVD wasingoje, kwa kuwa kompyuta mpakato nyingi zinazouzwa sasa hazina pa kuziingiza.

Zichapwe chache

Februari 2015, Vint Cerf, mmoja wa waliobuni misingi ya intaneti, aliwaonya watu kwamba kizazi hiki kinaweza kupoteza kumbukumbu zake kwa sababu mifumo ya kuzifungua hubadilika. Ushauri wake kwa wenye picha wanazozipenda sana ulikuwa mfupi: wazichape.

Picha ishirini kwa mwaka kwa kila mtoto zinatosha. Zichaguliwe Desemba, familia ikiwa pamoja, kutoka kwenye faili za asili, kisha zipelekwe studio kwenye flashi badala ya kutumwa kwa WhatsApp ya mwenye studio. Nyuma ya kila moja yaandikwe kwa penseli laini majina, tarehe na mahali. Miaka thelathini baadaye hakuna atakayekumbuka yule mtoto aliyesimama kulia ni wa nani.

Kazi hii yote haimalizwi kwa siku moja, na mzazi mwenye picha elfu tano asijaribu. Aanze na ishirini ambazo akizipoteza atalia: ya siku ya kuzaliwa mtoto, ya bibi, ya baba aliyeko safarini. Azitafute za asili zilipo, kwenye simu yake au ya mwenzake, azinakili kwenye flashi jioni hii watoto wakishalala, kisha azifungue moja baada ya nyingine ahakikishe zimo. Zilizobaki azipangie Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, kama anavyopanga ada.